Dhifa ya Ngomeni, Mibuni ya Runyenjes

Katika umri wangu huu, ambapo magoti ndiyo yaniamuruyo wala si mimi niyaamuruye, sikutaraji kwamba ningehesabiwa tena miongoni mwa wajumbe wa posa, sembuse posa ya kwenda kukamilishwa bara, upande wa mashariki wa mlima wenye theluji, kwa watu ambao lugha yao siijui na baridi yao naiogopa. Lakini kijana niliyemfundisha hesabu na insha tangu hajang'oa meno ya utoto, mzaliwa wa Rabai katika ukoo uliopokea Ukristo tangu siku za mmisionari Krapf na wenzake, na ambaye marehemu baba yake alikuwa sahibu yangu wa kunywa kahawa barazani, alinijia jioni moja akaniambia, "Mwalimu, ami zangu watakwenda, ila mwenye ulimi ni wewe." Mimi ni Mwislamu wa Mji wa Kale wa Mombasa, na huku kwetu tofauti hiyo haijapata kumzuia mtu kumposea mtoto wa sahibu yake, nikafunga mkoba, nikatia shali mbili, nikamwambia mke wangu kwamba nikirudi na homa lawama ni ya Rabai.

Posa yenyewe ilikwisha kuitikiwa, na mahari ilikwisha kuafikiwa kwa namna ya kuridhisha pande zote mbili. Kilichotupeleka ni jambo ambalo wazee wa zamani wasingelidhania kuwa jambo, nalo ni mahali pa karamu. Kijana alikuwa amejitia moyoni kwamba dhifa ya harusi yake ifanyike usiku katika ua wa Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, meza zikiwa zimepangwa chini ya kuta na taa za mafuta zikiwa zimetundikwa hewani, kama alivyoona katika picha za maharusi wengine. Ngome hiyo, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya mhandisi Mwitaliani Giovanni Battista Cairati, ambayo Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hata wakaitwaa mwezi wa Disemba 1698, na ambayo Waingereza waliigeuza jela tangu 1895 hadi 1958, mimi nimeishi kivulini mwake maisha yangu yote. Nakumbuka, nikiwa mtoto wa chuo na juzuu kwapani, wafungwa wakitolewa asubuhi kwenda kazini, na marehemu mama akituamuru tusiwatazame usoni, kwani aibu ya mtu si tamasha. Mwaka 1962 milango hiyo hiyo ikafunguliwa kwa watazamaji wenye tikiti, mwaka 2011 Unesco ikaitia ngome katika orodha ya urithi wa dunia, na polepole watu wakazoea kumwandikia mhifadhi barua, wakalipa ijara, wakawa mabwana wa ua ule kwa usiku mmoja.

Tulipanda gari moshi la Mombasa, tukalala Nairobi, na asubuhi kijana, ambaye hakuwa mjinga wa siasa za ukwe, akanionyesha akiba yake endapo ngome ingekataliwa. Alinipeleka penye makutano ya barabara ya Kenyatta na ile ya Uhuru, katika jumba dogo la mawe lililojengwa mwaka 1913, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni iliyoandikisha vizazi, ndoa na vifo, hata wenyeji wa mji wakalitania kwa majina ya kazi zake hizo tatu. Leo ni nyumba ya sanaa, nayo imehifadhi vinyago, nguo, vito na vitabu alivyovikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila. Nje yake pana alama ambayo kwayo umbali wa njia za nchi hupimwa. Nilisimama kati ya vinyago vile nikawaza kwamba, kwa hakika, jumba hili lina haki ya harusi kuliko mengi, maana maelfu ya watu walioana hapa kwa wino. Lakini vyumba vyake ni vya saizi ya makarani, na kijana alikuwa na orodha ya wageni mia tatu. Akataja pia bustani ya nyumba ya Karen Blixen, ile iliyojengwa mwaka 1912 na ambayo serikali ya Denmark iliizawadia Kenya wakati wa uhuru, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Pale maharusi hupiga picha kwenye nyasi kila Jumamosi. "Ila, Mwalimu," akasema, "roho yangu iko ngomeni." Nikamwambia roho haikodishwi, tukaenda zetu kituo cha matatu.

Njia ya kwenda Embu, baada ya Thika na mashamba ya mananasi, huteremka penye nchi kavu ya Makutano, mashamba ya mpunga ya Mwea yakawa kando ya njia, kisha ikaanza kupanda, na kila ilivyopanda ndivyo hewa ilivyozidi kunipenya mikononi mwa kanzu. Abiria mmoja, mama mwenye gunia magotini, alipoiona kofia yangu akaniuliza kama natoka Mombasa, nami nilipokiri akasema kwa sauti ya gari zima kusikia, "Kumbe ninyi ndio mliotufukuzia muguka wetu!" Gari likaangua kicheko. Ni kweli kwamba mwaka 2024 serikali ya kaunti yetu ililipiga marufuku jani hilo, na mahakama ya Embu ikausimamisha uamuzi huo. Nikamjibu kwamba mimi ni mjumbe wa ndoa, si wa serikali, na kwamba meno yangu hayatafuni hata karanga. Alinipa ndizi.

Runyenjes iko kilomita ishirini na kitu kupita Embu, katika njia kuu iendayo Meru, mji wa soko na maduka yaliyobanana kando ya lami, wenye mashamba ya kahawa yanayoanza pale pale maduka yanapokwisha. Jina lake lilinishughulisha safari nzima. Mji uliitwa kwa jina la chifu Runyenje wa enzi za Mwingereza, na ile herufi ya mwisho ni ya umilikaji katika Kiingereza, kana kwamba mtu aliandika kwenye ramani "kwa Runyenje" akaondoka bila kumaliza sentensi. Chifu akafa, ukoloni ukafa, herufi ikabaki. Sijui mji mwingine uliobeba jina la mwenyeji wake na dalili ya umilikaji wake kwa pamoja namna hii.

Nyumbani kwa mkwe palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka lami, katika mteremko wenye udongo mwekundu, na upande wa juu kilionekana kilima cha Kirimiri chenye msitu mweusi. Ilikuwa Agosti, ukungu haukutoka hata adhuhuri. Mzee wa nyumba, mkulima wa kahawa aliyenizidi miaka michache, alinipokea kwa mikono miwili, akanionyesha mbuzi akanipa kisu mwenyewe, akasema, "Mwalimu, tumeambiwa unakula cha mkono wako." Katika jumbe nyingi nilizozihudhuria, sijaona hisani iliyotolewa kwa maneno machache kuliko hayo.

Baraza lilikaa siku ya pili sebuleni, na kwa kuwa kijana hakuruhusiwa kusema, nikasimama mimi nikaieleza ngome. Nilieleza kwa ufasaha, na Mungu anisamehe, kwa kujivuna pia: unene wa kuta zilizochongwa katika mwamba wa matumbawe, Nyumba ya Waomani juu ya boma, ukumbi wa baraza wa ukoo wa Mazrui wenye viti vya mawe na boriti zilizochorwa maandiko, upepo wa kusi unavyoingia usiku kutoka mkondo wa bahari. Mzee alisikiliza kwa adabu yote. Nilipomaliza, akauliza, "Na mwenyeji wa nyumba hiyo ni nani?"

Nikamwambia ni serikali, kwa njia ya Makumbusho ya Taifa.

"Vema. Sasa siku hiyo ya harusi, Mwalimu, mwenyeji atakaa meza gani?"

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu, na nimelala nalo siku nyingi tangu hapo. Maana katika lugha yetu karamu haiandaliwi na nyumba, huandaliwa na mwenye nyumba. Kizingiti ni chake, kafara ni yake, na mgeni akiaibika aibu ni yake. Akodiye kasri kwa usiku mmoja huwa mwenyeji wa kukodi, huwakaribisha watu mahali ambapo yeye mwenyewe ni mgeni mwenye stakabadhi, na ikifika saa ya kufunga, askari mlangoni ndiye awaagaye.

Mzee hakuishia hapo. Akasema amesikia kwamba palikuwa jela. Nikakiri. Akasema kwamba yeye alikuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari, Waembu kama Wakikuyu na Wameru walipoondolewa katika viambo vyao wakatiwa katika vijiji vyenye handaki na miba iliyochongwa, na kwamba alikwisha kukaa ndani ya ua wa serikali bila kutozwa chochote. "Leo nilipe?" Safari hii hakucheka mtu.

Nilijaribu kuitetea ngome, kwani mtu hutetea jirani yake. Nikawaambia kwamba si kila kasri ni kaburi la dhuluma, na kwamba yako majumba yaliyojengwa kwa makusudi ya karamu. Nyumba ya kale ya Waswahili wa pwani haiwezi kukusanya watu mia tatu kwa sababu iliyo wazi kwa kila fundi: dari yake hushikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki upana wa mita tatu au karibu na hapo, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, na sherehe humwagika barabarani. Sultani Barghash alipotaka kuwapokea mabalozi na wakuu wa nchi kwa taadhima, ilimbidi aiache mikoko. Akajenga Unguja mwaka 1883 jumba lenye nguzo za chuma kilichosubuiwa na roshani za kuzunguka, Beit al-Ajaib, ambalo halikukusudiwa kuwa maskani bali mahali pa kuonekana. Milango yake mikubwa na taa zake za umeme zilikuwa sehemu ya dhifa, kama wali na sherbeti. Likaokoka mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyoliangusha kasri jirani, likawa ofisi, likawa makumbusho, kisha tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka, na mafundi wawili wakafa. Hakuna mizinga iliyopigwa siku hiyo. Jumba liliangushwa na maji, chumvi na miaka ya kungojewa.

Hapo ndipo nilipo na rai yangu, na niliitoa mbele ya wakwe bila kuificha. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni kitu kinachopumua, hunywa unyevu na kuutoa, na hutaka mkono wa mtu kila mwaka. Ukiupaka saruji, unyevu hubanwa ndani, chumvi ikavimba, plasta ikaanguka vipande vipande. Chokaa hugharimu fedha, na fundi aijuaye hugharimu zaidi. Basi usiku mmoja wa harusi, ukilipiwa vema na ukisimamiwa vema, ni mifuko kadhaa ya chokaa, na mimi ni afadhali nisikie ngoma uani kuliko nisikie dari ikianguka. Hata mataifa tajiri hufanya hivyo: Misri iliipa Marekani hekalu la Dendur mwaka 1965, baada ya kuliokoa na maji ya Ziwa Nasser, likajengwa upya ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York na kufunguliwa mwaka 1978, na leo matajiri hula chakula cha usiku mbele ya mawe yaliyowekwa kwa ajili ya miungu katika nchi ya Wanubi. Ami mmoja wa binti akauliza kama Wanubi hualikwa.

Lakini nikisema "ukisimamiwa vema" nasema kitu kizito. Nilipata kualikwa katika jumba moja la kale la pwani, ambalo jina lake nalistahi, nikawakuta wapambaji wakipigilia misumari katika ukuta ulionusurika karne mbili, ili watundike vitambaa vyeupe vya kuufunika ukuta ule ule ambao mwenye harusi alikuwa ameulipia. Plasta ilianguka kama biskuti. Jenereta lilinguruma chini ya dirisha la nakshi, na wapishi walimwaga mafuta ya moto kwenye kisima. Sikusema kitu, kwani nilikuwa mgeni, na mwenyeji, kama ambavyo mzee wa Runyenjes angesema, hakuwa na meza. Tangu siku ile msimamo wangu ni kwamba ua ukodishwe, vyumba visikodishwe. Na mahali walipolala wafungwa pasiwekwe keki.

Siku ya tatu, kwa kutafuta suluhu, ami yule wa Wanubi akatushauri twende Meru tukaone makumbusho ya huko, maana ni jengo la kale na si mbali mno na wakwe. Tukapanda gari, tukavuka mto Thuci, tukapita Chuka, tukateremka na kupanda mabonde ambayo sijui jinsi wahandisi walivyoyasadiki, pamoja na lile la Nithi ambalo abiria wote walilipita kimya, kwani watu wengi wamefia darajani pale. Makumbusho ya Meru yamo katika jengo la mawe la mwaka 1916, lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, likafunguliwa kwa watazamaji mwaka 1974. Ni jengo la heshima, dogo, lenye uso wa mtu aliyestaafu. Uani wameweka mfano wa boma la Kimeru la kale, na mzee mkwe, ambaye alikuja nasi akiwa na koti lake la kanisani, alisimama mbele ya vibanda vile muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Akainama akaingia katika kimoja, akatoka, akajifuta magoti. "Nyumba ya bibi yangu ilikuwa hivi," akaniambia, "lakini ilikuwa na moshi." Habari ya kukodi haikutajwa tena, wala mimi sikuitaja.

Njiani kurudi, jua likiwa limepasua ukungu kwa mara ya kwanza, alinielekeza kwa kidole upande wa kichaka cha miti mikubwa karibu na Runyenjes, akanihadithia habari za Mwenendega, ambaye kwa masimulizi ya Waembu ndiye babu yao, aliyebarikiwa mali na Mungu wa Kirinyaga, ule mlima wenye theluji, akamkuta mwanamke mzuri penye maji, akamwoa kwa sharti kwamba asimkumbushe asili yake. Siku ya sherehe sharti likavunjwa, tufani ikashuka, na watoto waliosalia ndio waliozaa kabila. Nikamwuliza, nusu kwa mzaha, kama kuna mtu aliyewahi kuomba kufanyia harusi yake kichakani pale. Alinitazama kama nimwombaye anikopeshe jino lake. Kisha akasema kwamba hata kuni hazikatwi.

Jioni ile hatukukaa baraza. Mzee alichukua fimbo yake akatoka uani, akaanza kupima kwa hatua, kutoka mlango wa jiko hadi ua wa ng'ombe, akihesabu kwa Kiembu, na vijana wakamfuata wakichoma vijiti ardhini palipopasa kusimama nguzo za turubai. Ilidhihirika upesi kwamba uwanja hautoshi watu mia tatu ila safu tatu za kahawa ziondolewe upande wa chini. Kijana wetu, ambaye kwa siku tatu alikuwa hana haki ya kusema, alijitokeza kwa hamasa, nadhani kwa sababu hatimaye liliguswa jambo la fedha, akasema kwamba atalipa thamani ya mibuni hiyo, na juu ya thamani, hata kama ni mara mbili ya ijara ya ngome.

Mama wa binti alikuwa amesimama kizingitini mwa jiko na upawa mkononi. Siku zote tatu sikumsikia akisema ila karibu na asante. Alishuka, akapita katikati ya vijana, akasimama penye safu ya kwanza ya mibuni, ambayo matunda yake yalikuwa bado kijani, akavishika vijiti viwili vilivyochomekwa kati yake akaving'oa, akasema kwa Kiswahili, ili sisi wa pwani tusihitaji mkalimani, kwamba hii ndiyo iliyomsomesha binti mpaka Mombasa, na hakuna atakayeigusa. Wageni watakaa katikati yake.

Mzee akaanza kuhesabu upya, safari hii nafasi baina ya mibuni, viti viwili kila nafasi. Akafika mwisho wa safu, akageuka, akaniita nije nimsaidie kuhesabu, kwani giza lilikuwa linaingia na mimi, alisema, ni mwalimu wa hesabu.